Mlango wa Chuo cha Sanaa

Msomaji kijana, siku ulipoingia shuleni ulipewa maagizo ya namna mbili. Ya kwanza yalieleza ni nani awezaye kuingia: umri wake, alama zake, na ada apaswayo kulipa. Ya pili yalieleza mwenendo wa yule aliyekwisha kuingia: saa ya kuamka, nguo ya kuvaa, na adhabu ya mkosaji. Wanafunzi wengi huyashika maagizo ya pili kwa hofu, na kuyasahau ya kwanza mara tu wakishapita mlangoni. Aliye ndani ya nyumba hafikirii sana habari za mlango. Anayeufikiria mlango usiku na mchana ni yule aliyeachwa nje.

Insha hii yataka kukuonyesha kwamba maagizo hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba hayawezi kupimwa mbalimbali. Tutafuata njia ya sanaa, kwa sababu moja. Mtu akifungiwa nje ya chuo cha sanaa, hasara yake yaweza kuonekana kwa macho: ni picha isiyochorwa, sanamu isiyochongwa, na mapambo yasiyotungwa. Tutaanza Kajiado, tupite Makerere, kisha turudi Kajiado.

Kajiado ni nchi ya tambarare kusini ya Nairobi, inayofika mpaka wa Tanzania. Reli ya kwenda kwenye magadi ya Ziwa Magadi ilipita hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mji ukakua kando yake. Upande wa kaskazini uko Kitengela, ambao zamani ulikuwa malisho ya ng'ombe na njia ya nyumbu wanaotoka na kuingia Mbuga ya Nairobi. Leo ni mji mkubwa wenye watu wa kila kabila. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1999 hapana aliyedhani mji huo ungekua upesi hivyo. Katika hesabu ya mwaka 2019 wilaya nzima ya zamani, ambayo sasa ni kaunti, ilipata watu zaidi ya milioni 1.1. Mahali penye watu wengi na wa namna nyingi, swali la nani aingie na aishi vipi na wenzake haliepukiki.

Usidhani kwamba sanaa ilikuja Kajiado pamoja na ubao na chaki. Kabla ya shule yo yote, Wamasai walikuwa na mafunzo ya sanaa yaliyokamilika. Wanawake ndio walimu wa kutunga shanga, na wasichana ndio wanafunzi. Zamani mapambo yalitengenezwa kwa chuma, mifupa, mbegu na ngozi. Kisha misafara ya biashara ikaleta shanga za kioo kutoka Ulaya, nazo zikaenea sana. Msichana hukaa karibu na mama au bibi yake, akatazama, akashika uzi, akakosea, akafumua, akaanza tena. Mafunzo hayo yana kanuni zake. Rangi hazipangwi ovyo: nyekundu huhusishwa na ushujaa na damu, nyeupe na maziwa na amani, buluu na mbingu, kijani na majani yanayolisha ng'ombe. Kila sehemu ya Wamasai ina mpangilio wake, na mjuzi akitazama mkufu wa shingoni aweza kutambua mvaaji ametoka upande gani. Basi mwanafunzi hujifunza ufundi na adabu kwa pamoja: ajue namna ya kutunga, na ajue ni alama ya nani anayoitunga.

Lakini katika nchi hiyo hiyo palikuwa na fundi mwingine, na habari yake yastahili kukumbukwa na kila asomaye juu ya haki. Huyu ni mhunzi, wa ukoo uitwao Ilkunono. Yeye ndiye aliyefua mkuki wa moran, na sime yake, na kengele ya ng'ombe, na pambo la chuma alilovaa bibi arusi. Bila mhunzi shujaa asingekuwa na silaha. Hata hivyo mhunzi alihesabiwa kuwa mtu najisi. Watu wengine hawakuoa kwake wala kuozesha kwake. Aliyepokea mkuki kutoka mkononi mwa mhunzi aliupaka mafuta kwanza, ili kuondoa unajisi uliodhaniwa kuushika. Tafakari jambo hili, msomaji. Kazi ya mikono ya mtu ilipokelewa, ikasifiwa na kuimbwa. Mikono yenyewe ikakataliwa.

Sisemi hayo ili kuwalaumu Wamasai peke yao. Mataifa mengi ya Afrika, Ulaya na Asia yamekuwa na mafundi waliotengwa kwa njia ya namna hii. Nimeyataja kwa kuwa yanatupa kipimo cha kwanza: jamii yaweza kuwa na sanaa njema na mlango mbaya kwa wakati mmoja. Uzuri wa chombo si ushahidi wa haki ya nyumba kilikotoka.

Sasa tutazame chuo chenyewe. Katika miaka ya 1940 kijana wa Kajiado, au wa po pote katika Afrika Mashariki, aliyetaka kusoma sanaa katika chuo kikuu alikuwa na safari ndefu mbele yake: kwenda Makerere, katika nchi ya Uganda. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikiwa na wanafunzi 14, wote wavulana. Mafunzo ya sanaa yalianza mwaka 1937, wala hayakuanza katika jengo la fahari. Margaret Trowell, Mwingereza aliyesoma sanaa London na ambaye mume wake alikuwa daktari huko Kampala, alianza kufundisha katika baraza ya nyumba yake. Kutoka katika baraza hiyo walitokea watu wakubwa. Gregory Maloba wa Kenya alikuwa mchongaji hodari, na ndiye aliyefanya sanamu ya uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962. Sam Ntiro wa Tanganyika alikuwa mchoraji, kisha akawa balozi wa nchi yake London baada ya uhuru.

Trowell alikuwa na kanuni yake juu ya kufundisha. Hakutaka wanafunzi waige picha za Wazungu. Alitaka wachore vijiji vyao, hadithi zao na imani zao. Kwa wakati ule kanuni hiyo ilikuwa mlango uliofunguliwa, maana wako waliosema kwamba Mwafrika hana sanaa ya kumfaa mtu chuoni. Lakini mlango ukifunguliwa upande mmoja tu, waweza kuwa ukuta kwa upande wa pili. Je, kijana aliyetaka kujua kanuni za wachoraji wa Italia au wa Ufaransa angeambiwa kwamba hayo si yake? Trowell alipostaafu mwaka 1958, Cecil Todd aliyemfuata aliongeza mafunzo ya elimu ya rangi na historia ya sanaa ya dunia. Watu wamebishana tangu hapo juu ya nani kati yao alikuwa na haki. Wewe waweza kuona kwamba kila mmoja alikuwa na sehemu yake: mwanafunzi anahitaji kuheshimiwa kwa asili yake, na anahitaji pia asifungiwe ndani ya asili hiyo.

Juu ya wanawake, chuo kizima kilikuwa na mlango uliofungwa. Hata wito wa Makerere, yaani maneno yake ya kujitambulisha, ulikuwa na maana ya "Tuwe wanaume". Mwaka 1945 waliingia wanafunzi wanawake 6 wa kwanza. Mara ikadhihirika kwamba maneno yale hayawezi kuimbwa na wote waliokaa katika ukumbi mmoja, na wito ukabadilishwa ukawa na maana ya "Tunajenga kwa ajili ya wakati ujao". Watu 6 tu walitosha kubadilisha maneno ya chuo kizima. Usidharau idadi ndogo.

Mwaka 1950 Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru mwaka 1928, aliingia Makerere kusoma sanaa, naye hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza kusoma katika shule ile ya sanaa. Alimaliza mwaka 1952, akarudi Kenya akawa mwalimu, akalea watoto, na kwa miaka mingi sanaa yake ilikaa kimya. Alipostaafu ualimu katika miaka ya 1980 aliirudia. Rangi zilikuwa ghali; kwa hiyo alikata vipande vya karatasi za kufungia sabuni na mifuko ya unga, akavibandika hata vikawa picha za watu, wanyama na mashamba, zilizokwenda kuonyeshwa nje ya Afrika. Alifariki mwaka 2021. Tazama urefu wa hesabu hiyo. Mlango uliofunguliwa kwa msichana mmoja mwaka 1950 ulizaa matunda baada ya zaidi ya miaka 30. Mkuu wa chuo anayeuliza, "Kumwingiza huyu kutatufaa nini mwaka huu?" hana kipimo cha kupimia jambo kama hilo.

Mpaka hapa tumesema juu ya kuingia. Sasa tuseme juu ya mwenendo, maana chuo kiwezacho kumpokea mtu chaweza pia kumfukuza.

Mwaka ule ule Karuga alipomaliza masomo, yaani 1952, wanafunzi wa Makerere waligoma kwa ajili ya chakula. Jambo la chakula huonekana dogo kwa mtu aliyeshiba. Kwa wanafunzi lilikuwa jambo la heshima: walitaka kusikilizwa juu ya maisha yao wenyewe. Wakuu wa chuo waliwafukuza baadhi yao. Mmoja alikuwa Abu Mayanja wa Uganda, ambaye baadaye alikwenda kusoma Cambridge na akawa waziri katika nchi yake. Mwingine alikuwa Josephat Karanja wa Kenya. Huyu naye alitafuta elimu ng'ambo, akarudi na shahada ya udaktari, akawa balozi wa Kenya London. Mwaka 1970 aliwekwa kuwa makamu mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Baadaye, kwa muda mfupi mwaka 1988 na 1989, alikuwa Makamu wa Rais.

Naam, mwanafunzi aliyefukuzwa na chuo kimoja alikuja kuongoza kingine. Tena katika miaka ya uongozi wake, iliyoishia 1979, wanafunzi wa Nairobi nao waligoma, na chuo kikafungwa zaidi ya mara moja. Twajifunza nini? Wengine watasema kwamba kiti cha mkuu humbadilisha mtu. Mimi nasema kwamba jambo kubwa zaidi liko katika kanuni zenyewe. Mahali pasipokuwa na njia iliyo wazi ya mwanafunzi kuleta malalamiko yake, na ya kujibiwa kwa sababu zilizotajwa, hakuna mtu mwema wa kutosha kuziba pengo hilo, hata awe amewahi kuonja uchungu wa kufukuzwa.

Turudi Kajiado, maana huko mlango ulikuwa na kizuizi kingine. Shule zilipokuja katika Umasai wakati wa ukoloni, ziliwatazama wavulana kwanza. Msichana alikuwa na njia yake iliyokwisha kupangwa: kutahiriwa, kisha kuolewa, mara nyingi akiwa bado mtoto. Mwaka 1959 shule ya bweni ya wasichana ilianzishwa mjini Kajiado na kanisa la AIC. Katika miaka ya 1990 shule hiyo ilijulikana kote Kenya kwa sababu ya mwalimu mkuu wake, Priscilla Nangurai, mwanamke wa Kimasai, aliyewapokea wasichana waliokimbia kuozwa na kukeketwa.

Fikiri maana ya jambo hilo kwa upande wa kanuni. Shule ya kawaida humtaka mtoto aje mwanzo wa muhula, aletwe na mzazi, awe na ada na sare. Msichana aliyekimbia usiku hana mzazi wa kumleta, kwa kuwa mzazi ndiye anayemkimbia. Hana ada, na hakuchagua mwanzo wa muhula. Kama mwalimu angeshika kila kanuni ya kuingia kama ilivyoandikwa, angekuwa mwenye utaratibu kamili na mwenye kosa kubwa. Nangurai aliyaelewa makusudi ya kanuni, kwamba ziliwekwa ili watoto wasome. Alipoona zinamzuia mtoto kusoma, alifuata makusudi yake.

Ipo pia habari ya Mosiro, magharibi ya Kajiado, katika shule ya bweni ya wasichana ya Naning'oi iliyoanzishwa mwaka 1999. Kwa mila, mtoto wa kike aliweza kuposwa angali mdogo sana, hata kabla ya kuzaliwa, na baba yake akapokea zawadi za uchumba. Waanzishi wa shule walikaa na wazee wakaitumia mila ile ile kwa jambo jipya: shule ikaja kuposa. Baba alipewa zawadi kwa desturi, na mtoto akawa "ameposwa" na elimu. Mzee aliyekwisha kutoa neno lake mbele ya wenzake hawezi kulivunja bila aibu. Hapo desturi haikudharauliwa wala haikuachwa imshinde mtoto. Ilipewa kazi nyingine. Huo ni ustadi wa kutunga kanuni, na kwa macho yangu haupungui ustadi wa kutunga shanga.

Nchi nzima nayo imebadili kanuni zake. Mwaka 2001 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kiboko shuleni, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikathibitisha marufuku hiyo. Katiba ya mwaka 2010 yakataza kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia, ujauzito, kabila, ulemavu, dini, utamaduni na hata mavazi. Kifungu cha 47 chataka maamuzi ya wenye mamlaka yawe ya haki, na mtu anayedhurika apewe sababu kwa maandishi. Wanafunzi wa mwaka 1952 wangalifurahi kukisoma kifungu hicho.

Katiba ikaja ikapimwa. Mwezi wa Januari 2019 msichana wa imani ya Rastafari alikataliwa katika shule moja ya sekondari ya Nairobi kwa sababu ya nywele zake zilizosokotwa. Wazazi walikwenda mahakamani. Mwezi wa Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaamua kwamba nywele zile zilikuwa sehemu ya imani yake, na kumfukuza kwa ajili yake kulivunja Katiba.

Yawezekana unauliza, msomaji: Je, basi hakuna kanuni tena? Kila mtu afanye apendavyo? Sivyo. Nenda, ukipata nafasi, ukaone karakana ya vioo ya Kitengela, iliyoanzishwa na msanii Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, kandokando ya Mbuga ya Nairobi. Huko vioo vilivyotupwa, vya chupa na madirisha, huyeyushwa katika tanuri lenye joto linalopita nyuzi 1,000 za Selsiasi, vikawa bilauri, vioo vya rangi na shanga. Ndiyo, shanga, zile ambazo mababu walizipata kwa misafara kutoka ng'ambo leo hufanywa papo hapo kwa takataka za mji. Mbele ya tanuri kama hilo, mwenye nywele ndefu hapana budi azifunge nyuma, awe Rasta, awe moran, awe mgeni kutoka Ulaya. Kanuni hiyo haimwulizi mtu imani yake. Inamlinda asiungue, na kumlinda jirani yake. Kumwambia mtu "funga nywele zako mbele ya moto" na kumwambia "nyoa nywele zako usije ukaonekana wewe ni nani" ni mambo mawili yaliyo mbali sana, ingawa yote mawili yahusu nywele.

Hicho ndicho kipimo ninachokuachia. Ukikutana na kanuni ya chuo, iulize maswali matatu. Yamlinda nani? Yamgusa kila mtu sawasawa, au imetungwa kwa ajili ya kumtoa mtu wa namna fulani? Na aliyeivunja aweza kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa? Kanuni itakayojibu vizuri, ishike kwa moyo, hata ikiwa nzito. Usiharibu zana za karakana. Usiichukue kazi ya mwenzako ukaiita yako. Usimcheke anayefinyanga kwa mkono mmoja au anayeona kwa vidole. Hakuna sanaa inayokua mahali ambapo mtu anaogopa kuonyesha jaribio lake la kwanza. Itakayoshindwa kujibu, ipeleke kwa wakubwa wako kwa adabu na kwa sababu zilizopangwa.

Mfumo mpya wa elimu nchini Kenya umeiweka sanaa, pamoja na michezo, kuwa mojawapo ya njia tatu za masomo ya shule ya juu ya sekondari. Hivyo huenda baadhi yenu mtakaa katika vyuo vya sanaa, na wengine mtakuwa walimu na wakuu wake. Mtapewa kalamu ya kuandika maagizo yale mawili. Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Walisema kweli kwa mgeni. Lakini mwenye nyumba akumbuke kwamba mgeni hawezi kuujua wema wa ndani ikiwa mlango haufunguki. Mhunzi wa Ilkunono alisimama nje kwa vizazi vingi huku mikuki yake ikiwa ndani. Mtakapoandika, mkumbukeni.